Kapu la "Bado": Jarida Dogo la Fasihi Linamlea Mwandishi Wapi?

Mwandishi wa Kiswahili anayeanza leo ana tuzo nyingi za kuwania kuliko mwenzake wa miaka 20 iliyopita. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imeshatoa washindi ambao vitabu vyao vinasomwa. Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023. Fedha zake si za kubeza. Ila tuzo hupokea kazi iliyokwisha. Majaji wanasoma, wanatoa alama, mshindi anatangazwa na kupigwa picha na mgeni rasmi huku ameshika hundi kubwa kama mlango, na waliobaki hawapati hata mstari mmoja wa kuwaambia hadithi yao ilivunjika ukurasa wa ngapi.

Mashindano yenyewe si mageni kwetu. Yale ya East African Literature Bureau, shirika la vitabu la enzi ya ukoloni, ya 1957–58 ndiyo yaliyomwibua Muhammed Said Abdulla wa Unguja, baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, na hadi leo anatajwa kama ushahidi kwamba tuzo huzaa waandishi. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya hapo alikuwa amehariri magazeti Unguja kwa miaka kadhaa. Tuzo ilimkuta kalamu imeshanolewa na tarehe za mwisho, nafasi finyu za safu na wasomaji walalamishi. Swali la leo ni nani atainoa kalamu ya yule asiye na gazeti la kuhariri.

Jibu langu ni jarida dogo la fasihi: kurasa 48, matoleo mawili kwa mwaka, wahariri wawili wanaojua kazi. Na naongeza dai ambalo baadhi ya wenye majarida hawatalipenda. Katika jarida la namna hiyo, kuchapishwa ndiko kunakomlea mwandishi kidogo kuliko yote. Anayemlea ni mhariri anayemwandikia barua kabla hajachapishwa. Jarida lisiloandika barua hizo ni ubao wa matangazo, hata likiwa na jalada la kung'aa.

Ushairi wetu haujawahi kusumbuliwa na jambo hili kwa ukali huo. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam Januari 1923, washairi walikuwa na mahali pa kupeleka tungo zao, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliopitia humo. Shairi la arudhi lina kipimo chake lenyewe. Mhariri wa ukurasa wa mashairi anahesabu mizani nane kwa nane, anatazama kina cha kati na cha mwisho, anaona kama kituo kimeshika au kimelegea, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Akipitiwa yeye, malenga wa Tanga au Mombasa atajibu toleo linalofuata kwa shairi la kukosoa, tena kwa vina vilevile. Malumbano hayo yalikuwa shule, na mwanafunzi alilipia bei ya gazeti tu.

Hadithi fupi haina mizani ya kuhesabu. Hakuna anayeweza kumwambia mwandishi wake kwamba mshororo wa tatu umepungua silabi moja. Anahitajika mtu aketi na maneno 2,500 kwa saa kadhaa, ajue hadithi inataka kwenda wapi na kwa nini haifiki. Gazeti la kila siku haliwezi kumlipa mtu huyo. Kenya hadithi fupi inayo nafasi katika karatasi ya fasihi ya sekondari, kwa hiyo wachapishaji wana sababu ya kibiashara ya kutoa mikusanyiko, lakini mkusanyiko unaolenga mtihani hutafuta majina yanayojulikana na maudhui yanayofundishika. Tanzania, Facebook na WhatsApp zimezaa waandishi wa hadithi za vipande, wenye wasomaji wanaolipia kwa simu ili wasikose sehemu inayofuata. Hao wanajua kumshika msomaji hadi kwenye "itaendelea", ujuzi ambao wasomi wengi wa fasihi hawana na hawautafuti. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mjomba aliyezikwa sehemu ya 3 amepiga simu sehemu ya 14.

Kwa upande wa Kiingereza, Afrika Mashariki ina somo lililo wazi. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha kijarida kiitwacho Penpoint. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwanafunzi wakati huo, alimwambia Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida hilo, kwamba ana hadithi angependa aitazame. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, hadithi haikuwepo. Kwa kuwa alishatamka, ikabidi akaiandike. Ilitoka Penpoint 1960. Tazama kilichofanya kazi hapo: mtu mmoja anayejulikana kwa jina, anayekutwa njiani, aliyekubali kusoma. Karatasi na wino vilikuja baadaye. Kufikia 1965 David Cook aliweza kukusanya kazi za wanafunzi, nyingi kutoka jarida hilo, zikatosha kitabu kizima.

Jarida la Kwani? la Nairobi, lililoanzishwa 2003 na Binyavanga Wainaina baada ya kushinda 2002 Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika, lilifanya vivyo hivyo kwa kizazi kingine. Hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka humo ilishinda tuzo hiyohiyo mwaka uleule wa 2003. Jalada, kundi lililoanza 2013, lilionyesha 2016 kwamba jarida la Afrika linaweza kuchukua hadithi moja ya Kigĩkũyũ na kuitoa katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili ikiwemo. Haya ni mafanikio. Lakini Penpoint na Kwani? yaliendeshwa hasa kwa Kiingereza, na anayeandika hadithi fupi kwa Kiswahili hadi leo hana pa kupeleka kazi akajua itasomwa na mhariri na kujibiwa.

Sasa tuingie jikoni.

Jarida linaloanza hufanya kosa la kupokea kazi mwaka mzima. Baada ya miezi mitano barua pepe ina miswada 200, haijasomwa, na wahariri wanaanza kuikwepa. Fungua dirisha la siku 30, mara mbili kwa mwaka, kisha lifunge. Weka kikomo cha maneno 3,000 kwa hadithi na mashairi matatu kwa mshairi. Taka faili la Word, si picha za daftari wala PDF, maana PDF haihaririki kwa urahisi. Jina la mwandishi likae kwenye barua pepe tu, lisiwe ndani ya mswada, ili msomaji wa kwanza asijue kama anasoma kazi ya mhadhiri au ya bodaboda. Tangazo liseme majibu yatatoka tarehe gani, na tarehe hiyo iheshimiwe hata kama majibu ni hapana.

Kila mswada usomwe na watu wawili bila kushauriana, kila mmoja autie katika mojawapo ya makapu matatu: ndiyo, hapana, bado. Ndiyo ni kazi inayoweza kutoka kwa marekebisho madogo. Hapana inaeleweka. Kapu la bado ndilo lenye kazi ya jarida: hadithi yenye kitu cha kweli ndani, iwe ni sauti ya mtu, mahali panapoonekana au mgogoro usiopatikana kwingine, lakini haijasimama. Mara nyingi imeanzia mbali, au imekwisha ukurasa mmoja kabla ya mwisho wake halisi, au msimulizi anatuficha kitu bila sababu.

Wahariri wenye huruma hujaza kapu hili hadi linamwagika, na hapo ndipo jarida huanza kuchelewa. Hadithi moja ya bado hula saa zisizopungua kumi za mhariri, zikisambaa katika wiki nane au kumi. Wahariri wawili wenye ajira nyingine hawawezi kuchukua zaidi ya tatu kwa toleo bila kuharibu zote. Tatu basi. Ya nne, hata kama inavutia, irudishwe kwa barua ya heshima ikimwambia mwandishi ailete dirisha lijalo, na imtajie jambo moja la kutazama.

Barua ya kwanza isiguse koma. Ikiwezekana mswada wenyewe usitiwe alama yoyote. Andika ukurasa mmoja: umesoma nini, hadithi ni ya nani, ni wapi ulishikwa na ni wapi ulipotea, kisha mambo matatu ya kufanyia kazi, yasizidi hapo. Mhariri anayeanza na tahajia hupata mswada uleule ukirudi kesho yake, koma zote zimekaa sawa na mwandishi anaamini amemaliza. Baada ya sura ya hadithi kutulia ndipo duru ya pili ianze, mstari kwa mstari, kwa alama za marekebisho ndani ya Word ili mwandishi aone kilichofutwa na akikatae akitaka. Duru ya tatu ni ya prufu tu, yaani nakala ya mwisho ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa. Atakayeleta aya mpya kwenye prufu aambiwe amechelewa, awe nani.

Duru ya pili ndiyo yenye utamu, na ndiyo inayofichua tulivyofundishwa. Chukua aya ya aina ambayo hujaa katika kila dirisha:

"Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu. Mzee Kombo alikuwa ameketi barazani na alikuwa akiwaza mambo mengi ambayo yalikuwa yanamsumbua akilini mwake."

Hakuna kosa la sarufi. Kwenye insha ya shule ingepata alama nzuri, na hapo ndipo shida inapoanzia. Insha inampa mtoto alama kwa mapambo: mapambazuko, ndege, methali mbili, tashbihi moja, "lahaula" ikipatikana nafasi. Miaka kumi na miwili ya mafunzo hayo haitoki kwa siku moja. Hesabu "kuwa" zilizomo humo: tano katika sentensi mbili. Kila moja inakisogeza kitendo nyuma ya pazia. Jua na ndege wangeweza kuanza hadithi yoyote duniani. Na "mambo mengi" ni kifuniko, hadithi imo chini yake.

Mhariri mbaya ataiandika upya aya hii mwenyewe, na baada ya matoleo matatu waandishi wote wa jarida watakuwa wanasikika kama yeye. Mhariri mzuri anaweka maswali pembeni: Analowaza ni jambo gani? Taja moja. Ameketi hapo tangu saa ngapi? Hao ndege wana kazi gani? Mwandishi anarudi na hii:

"Mzee Kombo alikuwa barazani tangu alfajiri. Marejesho ya mkopo wa boti yalibaki siku nne, na mashine bado ilikuwa kwa fundi."

Boti na mkopo vilikuwepo tangu awali, ukurasa wa tatu, vimejificha nyuma ya mapambo. Kazi yote ya mhariri ilikuwa kuuliza.

Vilevile kwa -ka- ya masimulizi. Miswada mingi ya vijana ina sentensi kama "Alifungua mlango na aliingia na alimwona mkewe na alicheka." Mwandishi huyohuyo akikusimulia kisa kwa mdomo hakosei: alifungua mlango, akaingia, akamwona mkewe, akacheka. Akishika kalamu anaiga vitabu vilivyotafsiriwa na taarifa za habari, na ule mwendo wa asili unamtoka. Mwambie asome aya kwa sauti na kujirekodi kwa simu. Atasikia mwenyewe. Dawa hiyohiyo inafaa kwa "ambaye" na "ambayo" zinazojazana pale ambapo "aliyekuja" na "yaliyomsumbua" zingetosha.

Methali ziachwe kinywani mwa wahusika. Msimulizi anayeanza kila aya kwa wahenga hutuambia maana ya tukio kabla halijatokea.

Kuhusu lahaja na mitaa, msimamo wangu ni legevu kuliko wa walimu wengi. Mazungumzo yabaki na Kiamu chake, Kimvita chake, Sheng au Kiswahili cha Lubumbashi, mradi yasomwe na mtu wa huko kabla ya kuchapwa, kwa sababu lahaja ya kukisia inanuka mara moja. Lugha ya msimulizi ishike njia moja. Jarida linalopokea kazi kutoka Kenya na Tanzania liamue mapema mambo madogo yanayogombanisha, kama tarakilishi na kompyuta, runinga na televisheni. Pendekezo langu ni kumwachia kila mwandishi la kwao ndani ya hadithi yake, na kusanifisha tahajia tu, kamusi moja ikiwa mezani. Kikagua tahajia cha Kiingereza kizimwe: kikitia mstari mwekundu chini ya kila neno, neno lililokosewa kweli linajificha katikati ya mengine.

Tukifika kwenye karatasi, hesabu ni rahisi lakini lazima ifanywe kabla ya kuchagua kazi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kurasa 48 ni karatasi 12 za gramu 80, pamoja na jalada la gramu 200 au 250, zikibanwa kwa pini mbili kwenye mkunjo. Njia hii inakubali hadi kurasa 64 hivi, pengine zaidi kidogo. Ukivuka hapo, kurasa za katikati zinachomoza nje kuliko za kando, mchapaji akizikata sawa anakula pambizo, na jarida linagoma kufunga. Kubandika kwa gundi kunataka mgongo mnene. Kurasa 48 zina mgongo wa milimita mbili na ushei, gundi haina pa kushika, na karatasi zitaanza kuchomoka kabla msomaji hajafika katikati.

Wengi huteleza kwenye idadi ya maneno. Violezo vya usanifu vinavyopatikana mtandaoni vimepimwa kwa Kiingereza, ambacho huingiza maneno 300 au zaidi katika ukurasa wa A5 kwa herufi za ukubwa wa 11. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na kauli, hivyo kadiria 250. Ondoa kurasa nne za jina, yaliyomo, neno la mhariri na taarifa za waandishi, zinabaki 44. Hadithi tatu za maneno 2,500 zinachukua 30. Mashairi yapewe nane, makala moja ya uhakiki ya maneno 1,500 ichukue sita. Toleo limejaa. Nakutana na matangazo ya majarida mapya yanayoahidi hadithi kumi katika kurasa hizohizo, na najua kitakachofuata: herufi za ukubwa wa 8, au kurasa 120 na bili ambayo hakuna wa kuilipa.

Maneno marefu yana adha nyingine. Mistari ikinyooshwa pande zote mbili katika safu nyembamba, mianya mikubwa hutokea kati ya maneno, na programu iliyowekwa Kiingereza hukata neno mahali pasipokatika, ikaacha "ng'" mwisho wa mstari na "ombe" mwanzo wa mwingine. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu, kwa mkono ikibidi. Au acha ukingo wa kulia usinyooke. Mashairi yasinyooshwe kamwe, na mshororo wa mizani 16 upimwe kama unaenea upana wa ukurasa kabla ya kuchagua ukubwa wa herufi. Mshororo uliovunjika katikati ya kipande unamuua mtunzi.

Kwa nakala 300, chapa ya kidijitali ni nafuu kuliko ofseti, kwa kuwa ofseti inadai gharama ya bamba hata ukichapa nakala kumi. Mlinganyo hubadilika ukikaribia nakala 500 na kuendelea, uliza bei zote mbili. Iwe ni kwa wachapaji wa River Road, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, taka nakala moja ya mfano iliyokunjwa na kubanwa, uifungue ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kuruhusu zilizobaki. Kurasa zilizogeuzwa kichwa chini huonekana hapo tu, kwenye skrini hazionekani.

Maduka ya vitabu yatachukua jarida kwa mali kauli, yakikata asilimia 30 au 40, na kulipa yakijisikia. Usiweke huko zaidi ya nakala 40 hadi umeona malipo ya kwanza. Nakala nyingi za jarida la aina hii huuzwa kwa mkono, kwenye usomaji wa mashairi na vyuoni, au kwa kifurushi cha basi baada ya mnunuzi kutuma fedha kwa simu. Kila mwandishi apewe nakala mbili za bure na haki ya kununua zaidi kwa bei ya kiwandani. Huyo ndiye muuzaji wako bora, mama yake anataka tano.

Fedha zilivyo hueleza vifo vingi. Bajeti ya kawaida inayopelekwa kwa mfadhili ina uchapaji, uzinduzi, fulana, chakula cha uzinduzi, na mstari wa mwisho "wahariri: kujitolea". Uzinduzi wenye mahema, spika na mgeni rasmi unaweza kugharimu sawa na toleo lenyewe. Ukinipa bajeti hiyo nitafuta uzinduzi, nisome hadithi mbili kwenye ukumbi wa maktaba, na fedha zilizookolewa nimlipe mhariri kwa kila hadithi ya kapu la bado aliyoifikisha prufu. Waandishi walipwe pia, kiwango kimoja kwa wote, kidogo lakini siku ya kutoka toleo.

Kuhusu chanzo cha fedha, kuna mifano miwili ya kuwekwa mezani pamoja. Harriet Monroe alipotaka kuanzisha jarida la Poetry mjini Chicago, alitafuta watu 100 wa kuahidi dola 50 kila mwaka kwa miaka mitano. Alipata dola 5,000 za uhakika kwa mwaka, toleo la kwanza likatoka Oktoba 1912, na jarida lipo hadi leo. Jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy Kampala 1961, lilikuwa na akili kali kuliko mengi ya wakati wake, lakini sehemu ya msaada wake ilitoka Congress for Cultural Freedom, shirika ambalo 1967 lilibainika kufadhiliwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka uliofuata serikali ya Obote ilimfunga Neogy kwa yaliyochapishwa humo. Hayo yalikuwa mashtaka mengine, lakini mhariri anayesimama mbele ya serikali akiwa na doa la fedha za siri ana watetezi wachache. Watu 40 wanaotoa kiasi cha chakula cha mchana kila mwezi kwa miaka mitatu hawana nguvu ya kuamuru chochote, na mmoja wao akijitoa jarida halitikisiki.

Kwani? linafundisha jingine. Lilinenepa hadi likawa kitabu, na toleo la tano, lililohusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, lilitoka sehemu mbili. Kwa hati ya kihistoria ni hazina. Kwa mwandishi anayeanza, kitabu kinene ni foleni ndefu na bei isiyofikika. Wao wenyewe walitoa pia vijitabu vya mfukoni, Kwanini?, kila kimoja na kazi chache za mtu mmoja. Umbo hilo linafaa kuigwa kwa Kiswahili: mwandishi aliyetoka katika matoleo mawili apate kijitabu cha kurasa 32.

Mkataba uwe ukurasa mmoja. Jarida linachukua haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza tu, haki zinarudi kwa mwandishi baada ya miezi sita, hakimiliki ni yake daima. Kuna majarida yanayonakili masharti ya kigeni yasiyosomwa na mtu, na mwandishi anagundua baada ya miaka mitano kwamba hadithi yake haiwezi kuingia katika kitabu chake.

Watakaosema yote haya yafanyike mtandaoni wana hoja, na jarida la mtandaoni litawafikia wasomaji wa Muscat na Minneapolis siku hiyohiyo. Litaokoa gharama ya karatasi. Saa kumi za kapu la bado halitaziokoa hata moja. Tena jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na siku anayelishika akisahau, kazi za waandishi 60 zinatoweka usiku mmoja. Kila toleo liwe na PDF kamili, nakala ziwekwe kwenye maktaba za vyuo vikuu viwili na kwa waandishi wote.

Limebaki suala la nani atahariri baada ya mwanzilishi. Huyu kwa kawaida ni mwandishi, kwa hiyo siku moja atapata ufadhili wa masomo, au riwaya yake itamwita, na jarida litasimama toleo la nne. Atafutwe mrithi tangu toleo la pili, na mahali pa kumtafuta ni miongoni mwa waliopitia kapu la bado, kwa sababu wao wamezipokea barua na wanajua ipi iliwasaidia na ipi iliwavunja moyo. Apewe mswada mmoja tu. Asome, aandike barua yake ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu, na mhariri aisome kabla haijatumwa. Ikiwa imeanza na koma, arudishiwe aiandike tena.